Mashine ya kupima sukari niliyokaa nayo wiki 12 za mimba

Nina mtoto wa wiki tisa kifuani, na mashine yenyewe iko hapo juu ya meza ya cherehani, kando ya kopo la vifungo. Nimeitumia kila siku tangu mimba ina wiki 27 mpaka nilipojifungua nikiwa na wiki 39, mara nne kwa siku, siku nyingine tano. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya mtu aliyefungua boksi jana.

Ni mashine ndogo ya kupima sukari ya damu, inaenea kiganjani. Nilinunua shilingi 45,000 duka la dawa hapa Tanga mjini. Ndani mlikuwa na mashine, kalamu ya kuchomea, sindano 10, stripi 10 (vile vijikaratasi vya kupokelea kitone cha damu), betri moja ya duara na kijimfuko cha zipu. Jina la kampuni silitaji. Ninachotaka ni mama mwenzangu aliyeambiwa ana kisukari cha mimba ajue cha kuangalia dukani, ashike mashine yoyote atakayoikuta.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 4.3. Watu walinipongeza, mtoto bonge, mashallah. Mimi nilichanika nikakaa wiki mbili siwezi kukaa kitako, na hakuna aliyeniambia kwamba mtoto mkubwa vile ni jambo la kuulizia. Safari hii nesi wa kliniki alipofika kwenye ile 4.3 aliacha kuandika. "Mama, kwenu kuna mwenye kisukari?" Nikamjibu, mama yangu mzazi. Akaniambia mkojo wangu ni safi kila nikija, lakini mkojo peke yake hautoshi, sukari inaweza kuwa juu kwenye damu na mkojo usionyeshe kitu. Kondo la nyuma linavyokua linatoa homoni zinazoizuia insulini ya mama kufanya kazi yake ya kushusha sukari, ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki 24 na 28. Mimi akanipangia wiki 26. Namwombea dua nesi yule kila nikimnyonyesha huyu.

Kipimo chenyewe nakieleza kwa ufupi, maana wengi wanakiogopa. Unalala bila kula, unafika saa 1 asubuhi, unatolewa damu, kisha unapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa kwenye maji na unatakiwa kuzimaliza ndani ya dakika tano. Ni tamu mpaka meno yanauma. Yangu ilikuwa vuguvugu na nusura nitapike. Ukitapika, kipimo kinarudiwa siku nyingine, kwa hiyo meza polepole na uvute pumzi katikati. Halafu unakaa pale pale, hutembei huku na huko, unatolewa damu baada ya saa moja na tena baada ya saa mbili. Majibu yangu yalikuwa 5.4, 10.7 na 8.3. Mipaka ni 5.1, 10.0 na 8.5, na ukigusa au ukivuka mmoja tu umeshaingia kwenye kisukari cha mimba. Mimi nilivuka miwili.

Nilirudi nyumbani nalia. Kesho yake ndiyo nikaenda kununua mashine.

Kasoro ya kwanza niliigundua usiku ule ule. Daktari alikuwa ameniandikia kwenye kadi: asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8. Nikapima, mashine ikasema 101. Miguu iliniisha nguvu. Mume wangu akaniitia gari nikimbizwe hospitali, na tungekwenda kweli kama dada wa jirani, ambaye amesomea maabara, asingetuambia tugawe kwa 18. Mashine nyingine zinasoma kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na 101 yangu ilikuwa 5.6 tu. Aliyeniuzia hakunieleza. Dukani iwashe kwanza, mwambie akuoneshe kwenye kioo inasoma kwa kipimo gani, na kama kliniki yenu inatumia mmol/L chukua ya mmol/L. Yangu ilishafunguliwa, hawakukubali kuibadilisha. Nikakata kipande cha plasta nikaandika 95 na 140, ndiyo 5.3 na 7.8 zangu kwa lugha ya mashine ile, nikaibandika mgongoni mwake.

Kuchoma kidole. Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, vidole vyangu na sindano ni watu wanaojuana, lakini wiki ya kwanza nilichoma katikati ya ncha kama nilivyoona kwenye picha ya boksi, nikashindwa kupindia upindo wa sketi. Choma pembeni ya kidole, karibu na ukucha. Hapaumi sana na ncha inabaki nzima. Kalamu ina namba za kina, moja hadi tano. Mimi mbili ilinitosha. Kunawa kwa maji ya vuguvugu kunaleta damu, na ukininginiza mkono chini kidogo kitone kinakuja chenyewe bila kukamua.

Na nawa kweli, usinawe kwa mazoea. Siku moja nilimenya chungwa la Muheza la binti yangu, nikafuta mikono kwenye kanga, nikapima. 212. Nikahisi mtoto tumboni ameacha kucheza. Nikanawa kwa sabuni, nikakausha, nikachoma kidole cha pili: 117. Ile 212 ilikuwa ya maji ya chungwa yaliyobaki kwenye ngozi. Tangu siku hiyo nikiona namba ya ajabu, nanawa na kurudia kabla sijaogopa.

Sasa stripi, maana mashine ni rahisi kuliko kinachoilisha. Boksi la stripi 50 nililipata kwa 28,000. Kwa kupima mara nne kwa siku, boksi linakwisha siku ya 12 au ya 13. Dera moja nalishona kwa 6,000, kwa hiyo kila boksi ni karibu madera matano. Nilinunua maboksi manane, 224,000, karibu mara tano ya bei ya mashine. Hili ndilo ningependa kuambiwa kabla: usinunue mashine kwa bei ya mashine. Uliza kwanza boksi la stripi zake ni shilingi ngapi, halafu uliza duka la pili na la tatu kama wanazo, kwa sababu stripi za mashine moja haziingii nyingine. Kuna mashine ya 25,000 niliionea tamaa. Stripi zake zilikuwa duka moja tu mji mzima. Soma na tarehe. Niliwahi kupewa boksi la bei ya chini lililobakiza wiki sita kuisha muda, nikalirudisha.

Joto nalo. Karatasi ya ndani inasema stripi zisizidi nyuzi 30 na kopo lifungwe mara tu unapotoa moja, na Tanga miezi ya joto nyuzi 30 tunazipata asubuhi. Mimi kwa uzembe niliacha kopo mezani karibu na pasi ya mkaa mchana mzima. Jioni namba zikawa hazieleweki: 63 na mimi mzima, dakika mbili baadaye 140. Mashine yenyewe ikatoa alama ya kipimajoto ikakataa kufanya kazi. Zilikuwa zimebaki stripi 31, nikazitupa zote kwa uchungu. Baada ya hapo kopo lilikaa chumbani, kwenye kabati la nguo chini kabisa, mbali na dirisha. Friji usiweke, unyevu unaziharibu vile vile.

Kasoro nyingine mbili nizimalize hapa. Kioo hakina taa, na umeme ukikatika usiku unapima kwa tochi ya simu mdomoni. Na betri ikicheza kidogo, tarehe na saa vinarudi mwanzo, kwa hiyo kumbukumbu ya mashine inakuwa haina maana kwa daktari. Nikaanza kuandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma: tarehe, namba, na nilichokula. Daftari hilo ndilo lililonisaidia kuliko kitu chochote.

Kwa sababu kliniki nilipewa karatasi ya vyakula, na karatasi ile ilikuwa na mkate wa ngano nzima, shayiri, tufaha, maziwa yasiyo na mafuta. Mimi asubuhi nakula mbaazi za nazi na maandazi. Mchana bada, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa soko la Deep Sea. Karatasi haikunijua. Mashine ndiyo iliyonijua.

Siku ya kwanza nilikunywa chai ya maziwa ya sukari na maandazi mawili kama kawaida yangu, nione: 183. Kesho yake chai bila sukari, chapati moja nzima na mayai mawili: 142. Kesho kutwa nusu chapati, mayai mawili, nyanya na tango: 121. Halafu nikajaribu mbaazi za nazi bakuli zima na ile nusu chapati, bila andazi hata moja: 118. Nilifurahi mpaka nikampigia mama simu. Mbaazi sikuachishwa! Asubuhi ndiyo mwili unakuwa mgumu zaidi kwa sukari. Nusu chapati ile ile mchana hainifikishi hata 115.

Bada nilikuwa nakata kama nilivyozoea, na saa moja baadaye 168. Nikapunguza hadi ukubwa wa ngumi yangu, samaki mzima, kisamvu nusu sahani, na nikala kisamvu na samaki kwanza, bada mwisho: 129. Wali wa nazi hivyo hivyo, ulioiva kiasi cha kujaza kikombe kimoja cha chai, si sahani ya kupanda mlima. Watu watakwambia kula dona, dona ni dawa. Nilipima dona na sembe, kipande kile kile, mboga ile ile, siku mbili tofauti kila moja. Tofauti yake kwangu ilikuwa ndogo sana. Ukubwa wa tonge ndio ulioleta tofauti. Dona ina faida zake, choo kinakuwa laini na unashiba mapema, lakini dona ya kujaza sinia ni sukari ya kujaza sinia.

Asali pia, ile wanayosema ni sukari ya asili haina neno. Vijiko viwili kwenye chai, 160 na kitu. Chungwa moja zima na kiganja cha karanga saa 4 asubuhi halinidhuru. Juisi ya machungwa manne, bila hata chembe ya sukari, 174. Na kutembea: nikila mchana nikatoka dakika 15 kupeleka nguo kwa mteja, namba inashuka kuliko siku niliyokula nikarudi kwenye cherehani. Saa moja ihesabiwe tangu tonge la kwanza, si tangu kunawa mikono. Wiki nzima ya mwanzo nilihesabu vibaya.

Jambo moja nilikosea na naomba usilifanye. Nilipoona wanga ndio unaopandisha, nikaacha wanga wote. Siku mbili samaki na mchicha tu. Namba zilipendeza, 90, 94, na mimi kichwa kinauma, natetemeka nikisimama. Kliniki mkojo ukaonyesha ketoni, alama kwamba mwili unachoma mafuta kwa kukosa wanga. Nesi akanikalisha: "Mama, mtoto anahitaji wanga. Tunakupunguzia kwa mlo, tunakugawia siku nzima, hatukunyimi." Milo mitatu midogo na vitafunio viwili au vitatu katikati. Nikarudi kwenye ngumi yangu ya bada.

Ramadhani ilinikuta na wiki 30. Sikufunga, nitalipa. Lakini futari iko mezani na mama mkwe amepika kama apikavyo miaka yote: magimbi ya nazi, mihogo, tambi za sukari, kaimati, uji wa mchele. Sahani nzima wanga juu ya wanga. Siku ya kwanza nilichukua kidogo kidogo kwa kila kimoja, kwa heshima, nikapima: 191. Siku ya pili sikuchukua, naye akaumia. "Mwanangu, mjamzito hashindi na tumbo tupu. Una watu wawili humo." Nikamwambia, "Mama, chakula chako nakitamani. Naomba ukae hapa unione nikipima." Nikampa plasta ya nyuma asome, 95 na 140, nikamweleza ile 191 ya jana. Alinyamaza. Kesho yake akaniita jikoni: ameniwekea supu ya pweza pembeni, samaki wa kuchoma, kipande kimoja cha gimbi na kunde. Saa moja baadaye akaja mwenyewe na miwani yake: "Imesemaje?" Ilisema 124. Mwezi mzima alikuwa ndiye anayeniuliza, na tende yangu moja aliihesabu yeye.

Lakini asubuhi kabla ya kula iligoma. 98, 103, 106, 99. Nilijaribu kula usiku mapema, nikajaribu kuchelewa, nikajaribu mtindi na karanga kabla ya kulala. Haikushuka chini ya 95 hata siku tatu mfululizo. Nilikuwa najilaumu, naona nimefanya kitu usiku bila kujua. Daktari alifungua daftari langu kurasa mbili, akapita kidole safu ya asubuhi, kisha safu za baada ya kula, zote ziko ndani. "Hii si sahani yako," akasema. "Ni kondo." Akanianzishia insulini uniti 6 usiku. Mitaani insulini ni neno la mtu anayekufa, na nilimwambia hivyo. Akanieleza kwamba insulini haipiti kwenye kondo kumfikia mtoto, na kwamba akina mama wengi huacha siku ile ile wanayojifungua. Bila daftari angeanza kukisia. Nami ningeendelea kujinyima chakula kwa kosa ambalo sikulifanya.

Ndani ya wiki asubuhi ikawa 88 hadi 93. Usiku mmoja saa 9 niliamka jasho linatiririka, mikono inatetemeka, mashine ikasoma 62. Chini ya 70 ni kushuka. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, robo saa, nikapima tena, 84, kisha nikala kipande cha mkate na siagi ya karanga. Mume wangu alishika tochi. Usiku ule mashine ilirudisha pesa yake yote.

Usahihi je? Mara mbili niliichukua hadi maabara nikapima dakika ile ile niliyotolewa damu ya mshipa. Mara ya kwanza mashine 97, maabara 5.1, yaani 92. Mara ya pili zilikaribiana zaidi. Kanuni ya kimataifa ya mashine hizi, ISO 15197 ya 2013, inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 sukari ikiwa 100 na kuendelea, na ya namba 15 ikiwa chini ya hapo. Maana yake ukipima mara mbili mfululizo ukapata 132 na 141, hujafanya dhambi katikati. Angalia wiki, usiangalie namba moja.

Kama ni nyota, nampa nne kati ya tano mashine, na moja niliyomnyima ni ya kioo kisicho na taa na tarehe inayopotea. Duka nampa mbili, kwa kutonieleza kipimo.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.4. Walimchoma kisigino mara kadhaa kuangalia sukari yake isishuke, nikamnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, ilikaa sawa. Kesho yake asubuhi nilipima kwa mazoea kitandani wodini: 86, bila insulini. Wiki ya sita nikarudi kunywa ile glukosi tena, safari hii niliomba maji ya baridi, na majibu yalikuwa mazuri. Nimeambiwa nisikae zaidi ya mwaka bila kupima, kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba yuko karibu zaidi na kisukari cha ukubwani kuliko mwingine.

Stripi 14 zilibaki kwenye kopo la mwisho. Mama yangu alikuwa anapima mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki yake tu. Nimemnunulia kalamu yake ya kuchomea na sindano zake, maana hivyo havichangiwi hata na mama na mwanawe, nikaifuta mashine vizuri. Ile plasta ya 95 na 140 nimeibandua. Ijumaa tunakwenda kwa daktari wake atuambie namba za kuandika kwenye plasta mpya.